Kama si Buibui, Ni Nani?

Kuna swali fupi linaloweza kummaliza mtu bila tusi hata moja ndani yake: "Kama si yeye, ni nani?" Nimelisikia jikoni, kwenye matatu, matangani, na kwenye grupu za WhatsApp za familia. Watu huliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaouliza bei ya nyanya. Lakini anayeliuliza hatafuti jibu. Anataka ushindwe kumtaja mtu mwingine, na ukishindwa, kesi imeisha.

Nataka kulichunguza swali hili kwa kuanza na mshtakiwa mdogo kabisa ninayemjua, buibui wa nyumbani. Najua unajiuliza buibui ameingiaje hapa. Vumilia kidogo.

Aprili moja, mvua ya masika ikiwa imekolea, nilikuwa kwa magokoro, nyanya yangu, huko Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira. Nje ni migomba na majani chai, na usiku mvua ikipiga mabati huwezi kusikia hata simu. Siku ya pili niliamka na mstari mwekundu kwenye mkono, unawaka kana kwamba nimeegemea sufuria ya moto. Kesho yake mstari ulikuwa umefura malengelenge. Familia ilikusanyika kuutazama mkono wangu kama watu wanaotazama ajali barabarani. Binamu yangu aliinua macho. Juu ya kitanda, pembeni mwa ukuta, alikuwepo buibui wa kahawia, bapa, miguu ameitandaza, ametulia zake.

"Huyo hapo," binamu akasema. "Kwani ni nani mwingine amelala humu?"

Slipa moja, pap. Chai haikuwa hata imechemka.

Shangazi akaongeza kwamba huenda hakuuma bali alikojoa, maana wengi kwetu husema mkojo wa buibui ndio unaochoma ngozi. Kwa hiyo kosa lenyewe halikujulikana, kuuma au kukojoa, lakini mkosaji alikuwa ameshaadhibiwa. Maswali ambayo hata polisi mvivu angeuliza hayakuulizwa. Nani alimwona? Mbona alama ni mstari mrefu na si matundu mawili madogo? Buibui alikuwepo, na kuwepo kukatosha kuwa ushahidi.

Kwenye zahanati, kijana aliyevaa koti jeupe aliutazama mkono kwa muda usiofika dakika moja. Hakuuliza kama nyumbani kuna buibui. Aliuliza, "Unalala taa ikiwaka?" Nikamwambia husoma usiku hadi usingizi unichukue. Akatikisa kichwa. "Huyu ni Nairobi fly," akasema, akaniandikia dawa ya kupaka.

Kama hujakutana na Nairobi fly, ni mdudu mwembamba asiyefika sentimita moja, mwenye rangi nyekundu ya machungwa na nyeusi zikipishana mwilini. Huishi kwenye nyasi na mashamba yenye unyevu, hula wadudu wadogo zaidi, na mvua zikizidi huongezeka. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, Wakenya wengi walimjua kwa ngozi zao. Usiku hufuata mwanga. Akitua shingoni au mkononi, haumi wala hachomi. Shida huja ukimpangusa kwa nguvu au ukimlalia akapasuka, kwa sababu ndani ya mwili wake kuna sumu iitwayo pederini. Sumu hiyo ikikupaka, huhisi kitu papo hapo. Ngozi huanza kuwaka baadaye, mara nyingi siku ya pili, wakati mdudu mwenyewe ameshapotea kwenye shuka. Ndiyo maana alama huwa mstari, kwa kuwa inafuata njia ya mkono uliopangusa. Na ukiupeleka mkono huo machoni, macho huvimba. Ushauri wake ni rahisi: mpulize aondoke, usimponde, osha ngozi kwa sabuni na maji, zima taa, tumia neti.

Tazama sasa kilichotokea. Aliyesababisha uchungu alifika gizani na kuondoka bila kuonekana. Uchungu ulichelewa. Ulipofika, macho yakatafuta kilicho karibu, kinachoonekana, kisichopendeza, kisicho na mtetezi. Buibui alikuwa na sifa zote nne.

Na haya si mambo ya Ekerenyo pekee. Mwaka 2011 daktari mmoja wa California, Marekani, alichapisha hesabu ya wagonjwa 182 waliofika hospitali wakisema wameumwa na buibui. Walioonekana kuumwa na buibui kweli walikuwa 7. Zaidi ya 150 walikuwa na maambukizi ya kawaida ya ngozi, ya bakteria. Jimboni Kansas, watafiti walikusanya buibui 2,055 ndani ya nyumba moja kwa miezi sita, tena wa aina inayoogopwa kweli kwa sumu yake. Humo waliishi watu wanne, kwa miaka kadhaa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameumwa.

Sisemi buibui ni malaika. Wapo wenye sumu inayoweza kumdhuru mtu, hata hapa Afrika Mashariki, na buibui akibanwa kwenye nguo anaweza kuuma ajiokoe. Lakini wengi wa wale wa ukutani hawana meno ya kupenya ngozi yako, na hawana haja nawe. Damu yako si chakula chao. Mtu akikuambia "nimeumwa na buibui," mara nyingi maana yake ni "niliamka na kidonda, na kuna buibui kwangu." Sentensi ya pili ni kweli tupu. Ya kwanza ni hukumu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Tuseme tumempata mkosaji halisi, Nairobi fly. Je, tumemaliza? Wanasayansi waligundua kwamba pederini haitengenezwi na mdudu mwenyewe. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Basi tuwalaumu bakteria? Au balbu iliyomwita? Au mvua iliyomzalisha? Au mkono wa mtu aliyelala, uliompasua? Kila ukivuta uzi, mkosaji anayeyuka na kuwa mlolongo wa mambo ambayo hakuna hata moja lililokutakia mabaya. Na hapo ndipo moyo wa binadamu unapokataa. Mlolongo haupigwi slipa.

Mwaka 1937 mtaalamu wa jamii kutoka Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, alichapisha kitabu kuhusu Wazande, watu wanaoishi Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfano wake mmoja umesomwa vyuoni hadi leo. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake kupumzika kivulini. Wazande si wajinga, wanajua kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Wanajua pia watu hukaa hapo kukwepa jua. Wanachouliza ni kwa nini ghala hili lianguke saa hii, juu ya hawa. Mchwa wanaeleza ghala lilivyoanguka. Hawaelezi kwa nini mimi. Pengo hilo ndilo uchawi unaloliziba.

Huwa siwacheki Wazande, kwa sababu hata mimi sijawahi kukutana na mtu asiyeuliza "kwa nini mimi." Wenye digrii huuliza, wenye mabasi huuliza, wachungaji huuliza wakiwa peke yao. Swali lenyewe halina kosa. Ubaya huanza linapogeuzwa likawa "nani," na "nani" likaanza kutembea kijijini likitafuta mlango wa kugonga.

Kwetu Gusii, mlango hupatikana. Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliuawa kwa kuchomwa na kundi la watu katika vijiji vya Kisii baada ya kuitwa wachawi. Wengi wao walikuwa wazee. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo. Habari hizo zilisomwa duniani kote, na vijana wa Nairobi tuliokuwa na jina la Kikisii tulianza kuulizwa maswali kazini kwa kicheko: "Aki nyinyi, kwenu bado mnachoma watu?" Inaudhi, kwa sababu inaifanya jamii nzima kuwa mshtakiwa kwa kosa la kundi moja, yaani ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Lakini kuudhika hakutufuti jukumu.

Simlinganishi bibi kizee na buibui. Mungu aniepushe. Ninaowalinganisha ni sisi tunaotazama juu kutafuta wa kulipia. Mkono unaoinua slipa na mkono unaorusha jiwe hautofautiani sana katika jambo moja: yote miwili imepata mahali pa kutua kabla haijapata sababu.

Jirani ya magokoro, ng'ambo ya shamba la chai, alikuwa mjane aliyepita miaka sabini. Aliamka mapema mno. Aliongea peke yake akipalilia. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yatakavyokuwa ya mtu yeyote aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Mtoto wa baba mdogo alipougua homa iliyokuja na kuondoka kwa wiki tatu, mtu alikumbuka kwamba mjane yule aliwahi kumpa mtoto ndizi mbivu. Nilikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nilisimuliwa. Nilisimuliwa kwamba hakuna aliyemwita omorogi, mchawi, waziwazi. Waliuliza tu. Kama si yeye, ni nani?

Hakuna aliyempiga pia. Waliacha kumsalimia. Watoto wakaambiwa wazunguke njia nyingine kwenda mtoni. Usiku mmoja mawe matatu yalianguka juu ya mabati yake. Wiki hiyohiyo binti yake alikuja na pikapu kutoka Nakuru, akapakia kitanda, kuku wawili na mama yake. Niliporudi likizo nikakuta kufuli mlangoni.

Mtoto alipelekwa hospitali hatimaye, akapimwa, ikawa homa ya matumbo. Akapewa dawa akapona. Sasa yuko kidato cha pili na anacheza mpira vizuri sana. Kufuli ingalipo.

Kinachoniuma ni kwamba majibu ya maabara yalipotoka, hakuna aliyepiga simu Nakuru. Nilipomuuliza baba mdogo, alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Mimi sikumshtaki mtu. Niliuliza tu." Na kweli, aliuliza tu. Hapo ndipo nilipoelewa nguvu ya lile swali. Ukisema "fulani ameniloga," umetamka kauli, na kauli inaweza kuthibitishwa kuwa uongo, nawe ukatakiwa kuomba msamaha. Swali halina deni. Watu ishirini wakiuliza, mtu mmoja anahama kwao, na hakuna hata mmoja wa wale ishirini mwenye kosa la kukiri.

Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, enzi za ukoloni, na ndani yake kumtuhumu mtu uchawi nje ya njia za mamlaka ni kosa. Lakini sheria hukamata kauli. Haiwezi kuingia jikoni ikakamata alama ya kuuliza. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Kuna atakayeniambia, "Manze, buibui ni buibui. Ukimuua hujapoteza kitu. Heri kujikinga." Hoja hii ina uzito, na ndiyo ambayo waoga wenye akili hutumia: kumwadhibu asiye na hatia ni bei ndogo, kumwacha mkosaji ni bei kubwa. Nina majibu mawili.

La kwanza ni la vitendo. Kumwadhibu asiyehusika hakukukingi na chochote. Binamu yangu alimuua buibui na balbu ikaendelea kuwaka. Kama tusingeenda zahanati, usiku uliofuata ningelala palepale, mwanga uleule, nikiamini niko salama. Baba mdogo alimaliza wiki tatu akimtazama mjane, na wiki tatu hizo homa ya matumbo ilikuwa inafanya kazi yake ndani ya mtoto. Lawama isiyo sahihi huiba muda wa tiba. Inakupa hisia ya kwamba umefanya jambo, na hisia hiyo ndiyo inayokuzuia kufanya jambo.

La pili ni kwamba hujui thamani ya unayemfuta. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, wanasayansi wamemchunguza buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 walichapisha kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, buibui huyu huchagua mbu jike aliyeshiba damu. Miongoni mwa mbu, hupendelea wa jamii ya Anopheles, wale wanaosambaza malaria. Anapatikana kando ya ziwa hilo, huku Kenya na Uganda, na mara nyingi kwenye nyumba za watu. Mbita iko Homa Bay, kaunti inayopakana na Nyamira, na milima yetu inajua vizuri milipuko ya malaria. Wakati huohuo, huko Pwani wapo Waislamu wasiomuua buibui kwa sababu ya kisa cha pango la Thawr, ambapo inasimuliwa kuwa utando wake uliwadanganya waliokuwa wakimsaka Mtume. Mdudu yuleyule ni mshtakiwa Ekerenyo, mwindaji wa mbu Mbita, na mlinzi Lamu.

Ila ngoja. Sitaki utetezi wangu usimame juu ya faida. Tukisema buibui asiuawe kwa kuwa anakula mbu, kesho tutasema bibi kizee asifukuzwe kwa kuwa anajua dawa za mitishamba au analea wajukuu. Na yule asiye na faida yoyote? Yule anayeongea peke yake, asiye na mjukuu wala dawa? Yeye pia hakufanya. Hiyo inatosha. Haki ya kutoadhibiwa kwa jambo ambalo hukulifanya haihitaji cheti cha manufaa.

Najua pia hoja ngumu zaidi, ya mtu aliyeketi hospitali usiku na mtoto anayetetemeka. Kumwambia "hakuna aliyekufanyia hivi" kunaweza kusikika kama kumwambia uchungu wake hauna maana. Uchungu unataka sura, na anayeunyima sura anaonekana katili. Sidhani tunapaswa kumpa mtu huyo mhadhara kuhusu bakteria. Tunapaswa kumpa chai, nauli, zamu ya kukesha, mtu wa kufuata majibu maabara. "Kwa nini mimi" ni swali la kukesha nalo pamoja. Watu wakilibeba wengi, linapungua uzito hata bila jibu. Mara nyingi tunamtafutia mgonjwa mchawi kwa sababu ni rahisi kuliko kumtafutia nauli.

Uchungu unakupa haki nyingi. Unakupa haki ya kulia, ya kutibiwa, ya kusikilizwa, hata ya kukasirika bila mpangilio. Haukupi haki ya kumchagua wa kulipa. Kiswahili chenyewe kimetuwekea mpaka huo katika vitenzi viwili tunavyovichanganya kila siku, kuona na kukuta. Nilimwona akifanya. Nilimkuta pale. Nusu ya kesi za mitaani, za wizi, za ndoa, za ofisini, za uchawi, zingekufa papo hapo kama tungemtaka kila shahidi achague kitenzi kimoja.

Kuna neno tunaloliona la aibu, hasa sisi wa mjini ambao simu zetu zina jibu la kila kitu. Neno hilo ni "sijui." Katika kikao cha watu wenye uchungu, anayelitamka huonekana baridi, au msaliti, au mtu anayewakinga wabaya. Linahitaji ujasiri kuliko jiwe, kwa sababu jiwe hurushwa na wengi na "sijui" husemwa na mmoja. Lakini ndilo neno pekee linaloweza kulijibu lile swali bila kumuumiza mtu, mradi lisiachwe peke yake. Kama si yeye, ni nani? Sijui. Leta koti la mtoto, twende hospitali.